Sukari Imeshuka

6 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, ukiacha hili nitakalokueleza. Simu sikupigi kwa sababu unayajua masikio yangu. Miaka yote hii kando ya msumeno, simu imebaki kunipigia mluzi tu. Na ujumbe mfupi ndio kabisa, kidole changu kimoja kinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Kwa hiyo vumilia mwandiko.

Nina sukari. Haya, nimeisema. Nilikuwa nakunywa maji mtungi mzima na bado koo kavu, na macho yakaanza kuuona ubao kama una ukungu. Nikasingizia vumbi la mbao. Msimamizi wa kiwanda akanilazimisha niende zahanati. Daktari ni kijana mwenye haraka, anaongea huku ameinamia makaratasi, maneno yake mengi yanaishia mezani. La msingi nililipata: nipunguze wanga. Mkate, wali, viazi, uji, soda, vyote niviage. Nimeze vidonge asubuhi na jioni, nirudi baada ya miezi mitatu. Kuna mengine aliyasema nikiwa nimeshika kitasa cha mlango, nikaitikia kwa kichwa.

Ugonjwa haunitishi sana. Kinachonitisha ni kwamba msimamizi amesema sukari isiposhuka ananitoa kwenye msumeno. Ana haki yake, mtu asiyeona vizuri hasukumi magogo kwenye meno ya chuma. Lakini dada, tangu wifi yako afariki, nyumba hii sina ninalofanya ndani yake ila kulala. Kazini hatusikilizani kwa kelele, ila tunapungiana mikono, tunataniana kwa ishara, na saa ya kula tunakaa sote juu ya gogo moja. Watu wangu wako pale, sina wengine.

Kupika sijui, na wewe umepika maisha yako yote. Niambie nile nini.

Mdogo wako

19 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kisha nikacheka, usinikasirikie, kwa sababu nimekumbuka ulivyokuwa ukiiba sukari kabatini halafu unakataa huku midomo imejaa chengachenga.

Sasa nisikilize. Mayai unayafahamu, yana ganda, unavunja. Asubuhi kaanga mawili na nyanya. Mchana beba samaki au nyama, na kabichi iliyokatwa nyembamba, ikaangwe kidogo na kitunguu. Usiichemshe mpaka ikawa tambara la kudekia. Jioni mboga za majani, parachichi, na maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari. Ukishikwa na njaa katikati, karanga, kiganja kimoja. Nimesema kiganja, sijasema bakuli. Na ukimaliza kula ukajiona bado unatafuta kitu, ujue hicho unachokitafuta si mkate. Kunywa maji ukakae mlangoni utazame watu.

Na nimepata wazo. Kila Jumapili saa saba mchana tule chakula kimoja, wewe huko na mimi huku. Chakula nitachagua mimi, kwa kuwa wewe ungechagua mayai mpaka kiama. Sharti ni moja: asianze mtu kabla ya saa saba. Tuanze pamoja.

Usidhani nafanya hivi kwa kukuhurumia. Hapa shuleni nina watoto mamia, makelele kutwa, lakini wao wanakula na mimi napakua. Mpishi hula amesimama, akionja chumvi. Jumapili nitakaa chini kama mtu.

Jumapili ya kwanza: samaki wa kukaanga na kabichi.

Dada yako

21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Samaki aliungua upande mmoja lakini nimemla. Saa saba kamili nilisema karibu, nikajibu mwenyewe asante, nikaanza. Nilijisikia mjinga kidogo, halafu nikazoea. Jumapili sasa naingoja.

Mkanda umeingia matundu mapya, mengine nimeyatoboa kwa msumari. Suruali zimekuwa magunia. Ukungu machoni umepungua, ubao nauona na nyuzi zake. Kazini walikuwa wananiita Bonge, sasa hawajui waniiteje.

Ila kuna jambo sikulitegemea. Mtu akipungua huku hapewi hongera, anapewa pole. Nimewaambia ni sukari tu, wanaitikia, lakini nawaona wanavyotazamana. Wanaamini nina kubwa kuliko hiyo na ninaficha. Utani wameuacha. Zamani tulikuwa tunamegeana mkate mmoja mikono ikigongana, sasa nikifungua kibakuli changu cha kabichi wananiachia nafasi kubwa kwenye gogo, wanageukia upande wa pili kwa heshima. Sijawahi kula na watu wengi hivyo nikawa peke yangu hivyo.

Lakini msumeno bado ni wangu, na hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Niambie Jumapili tunakula nini.

Mdogo wako

12 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua fupi, mkono hautulii.

Sukari imeshuka. Imeshuka sana, na si mara moja. Jana ilishuka nikiwa kazini kwenye msumeno mpaka msimamizi akaona kwa macho yake. Nimeona nikwambie wewe kwanza, maana sina mwingine wa kumwambia. Sijui hata nifanye nini.

Nijibu upesi.

Mdogo wako

24 Mei

Kitinda wangu wee,

Nimesoma barua yako katikati ya jiko nikapiga vigelegele, wasaidizi wangu wakadhani nimepata mchumba. Nikawaambia sukari ya mdogo wangu imeshuka. Wakapiga na wao, hata hawakujui. Watoto madarasani wakasikia wakashangilia bila kujua wanashangilia nini.

Mkono hautulii, unasema. Wangu nao hautulii hapa ninapoandika. Furaha ni kitu cha ajabu, mtu unakosa pa kuiweka. Na msimamizi ameona kwa macho yake. Sasa atakutoa vipi?

Unauliza ufanye nini. Kaza hapo hapo. Usilegeze hata siku moja kwa kuwa mambo yamekwenda vizuri, ndipo watu wanapoharibu. Hata zile karanga ziache kama unaweza. Vidonge usiruke. Jumapili samaki na kabichi kama ile ya kwanza, tusherehekee.

Umenipa jambo la kusema kwa watu. Siku hizi nilikuwa sina.

Dada yako

22 Juni

Kitinda,

Barua yako sijaipata. Nimeuliza ofisini, nimeuliza mpaka mlinzi wa geti, kila mtu anasema hakuna. Jumapili zilizopita nimekula saa saba kama tulivyopanga. Sikujua kama na wewe unakula.

Shule imefungwa. Watoto wamekwenda makwao na walimu pia. Nimebaki mimi na masufuria, na yamekaushwa yakapinduliwa. Mtu akishazoea kupikia mamia, kupika chakula cha mmoja ni kazi ngumu, mkono unatia maji mengi wenyewe. Usiku huu nimejikuta naongea na mwiko.

Kuna jambo la huku nilitaka kukueleza. Nimeliandika mara mbili nikachana. Tuliache kwanza. Inawezekana nimekuudhi kwa lile la karanga, au una shughuli nyingi kazini sasa kwa kuwa umepona. Kama ni shughuli, nashukuru. Niandikie mstari mmoja tu.

Jumapili: mayai na mboga za majani. Au chochote utakachopenda wewe.

Dada yako

3 Julai

Dada wa jirani yangu,

Salamu. Hunijui. Mimi ni fundi cherehani, mlango wangu unatazamana na wa mdogo wako. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha iliyokuwa mezani kwake. Bahasha yenyewe ilikuwa haijafunguliwa, na sikuifungua. Naanza na lililo kubwa: yuko hai, na amerudi nyumbani.

Alikuwa ameniletea suruali zake nizipunguze. Jumapili iliyopita mchana nikampelekea. Mlango ulikuwa wazi. Mezani palikuwa na samaki na kabichi, havijaguswa. Yeye alikuwa amekaa sakafuni, shati limelowa jasho, anasema maneno yasiyoeleweka na kunisukuma mkono. Nilidhani amelewa, Mungu anisamehe, nikageuka niondoke. Mtaani ilikuwa imeshaenea kwamba kazini wamemtoa kwenye msumeno kwa ulevi, kwa kuwa alikuwa anatetemeka na kuyumba mbele ya watu. Na mimi niliamini. Kilichonirudisha ni pua yangu tu: hakunuka pombe, hakunuka chochote.

Tulimbeba kwa gari la jirani mwingine. Hospitali walimtoboa kidole, wakasema sukari imeshuka kiasi cha kumuua, wakamtundikia maji ya sukari. Akafumbua macho akauliza saa ngapi. Nikamwambia inakaribia saa nane. Akasema basi dada ameshamaliza kula. Sikumwelewa, labda wewe utamwelewa.

Namba yangu ya simu iko chini. Yeye hajaniomba niandike. Nimeona mtu anayeandikiwa barua ana mtu wake mahali.

Jirani

10 Julai

Kitinda,

Nimempigia jirani yako. Ni mwanamke mwema, ananiambia anakupigia kelele dirishani na wewe unaitikia. Lakini haya yangu siwezi kumpa mtu ayapige kelele dirishani.

Imeshuka. Uliniandikia imeshuka, na mimi nikasikia habari njema, kwa kuwa ndiyo habari tuliyokuwa tunaiomba tangu Machi. Uliniambia mkono hautulii. Uliniambia hujui ufanye nini. Nimeitoa barua hiyo nikaisoma upya, na kila mstari unaniita, na mimi nilipiga vigelegele. Nilikwambia ukaze. Nilikwambia uache hata karanga. Nililishangilia tatizo lako na shule nzima.

Na Jumapili ile. Ulimeza vidonge asubuhi, ukakaa na chakula mezani ukakitazama, kwa sababu mimi nilisema asianze mtu kabla ya saa saba. Ulikuwa umeninunia, barua yangu hukuifungua, na bado ulinisubiri. Saa ile ile mimi nilikuwa nimekaa chini hapa natafuna, nakulaumu moyoni kwamba umenisahau.

Kula ukisikia njaa, mdogo wangu. Kula saa yoyote. Na uniambie, hivi zahanati hawakukwambia kuwa hivyo vidonge na chakula hiki vinaweza kugongana?

Dada yako

26 Julai

Dada,

Shikamoo. Acha kulia, najua unalia.

Walinambia. Ndiyo yale maneno ya mlangoni. Safari hii nimekutana na daktari mwingine, mama mtu mzima. Aliponiuliza swali nikaitikia kwa kichwa, akaniuliza tena, nikaitikia tena, akaweka kalamu chini akanitazama. Kumbe alikuwa ananiuliza jina langu. Akachukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa: UKIPUNGUZA WANGA, NJOO TUPUNGUZE NA DAWA. Vile vidonge vilikuwa vinaisukuma sukari chini, na mimi nilikuwa nimeshaishusha kwa kabichi. Kimoja amekiondoa kabisa. Chakula amesema niendelee nacho, na nikianza kutetemeka nisisubiri mtu wala saa, ninywe kitu cha sukari hapo hapo. Kwa hiyo upishi wako haukuniua. Aliyekaribia kuniua ni mimi na kichwa changu cha kuitikia.

Sukari sasa imetulia, daktari ameridhika nayo. Macho yangu yako vizuri kuliko yalivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Msumeno nimenyang'anywa. Msimamizi alikuja nyumbani, akaomba radhi kwa lile la ulevi, nikamwona anaomba kwa dhati. Lakini nafasi imeshapata mtu, na amesema hata kama isingepata, mtu aliyeyumba pale mara moja hatarudishwa. Amenipa kulinda ghala la nyuma, zinapokaushwa mbao. Ni pazuri, pana kivuli. Hapiti mtu.

Barua yako ya Juni nimeifungua sasa, unajiuliza kwa nini nilinyamaza. Mnoa misumeno ndiye aliyeniambia ile hali inaitwa sukari kushuka, mama yake alikuwa nayo. Nikakuandikia wewe, kwa sababu zahanati ningekwenda kusema, habari ingefika kazini, na kazi ndiyo ilikuwa kila kitu. Ulipojibu kwa vigelegele nilifikiri umechoka kubeba mtu mzima, umeamua kuufunga mjadala kwa furaha. Hilo lilinichoma. Sikutaka kusoma nyingine.

Nitakwambia jambo moja kisha nisilirudie. Pale sakafuni, kabla akili haijatoka, nilijua siwezi kuinuka. Sikuogopa kufa. Niliwaza kwamba kesho yake ni Jumatatu, na kwamba kazini nisipotokea hakuna atakayeshangaa. Niliwatafuta watu wa kushangaa, mmoja mmoja, nikakosa. Nina upweke, dada. Huo haupungui kwa kabichi.

Jirani amezileta suruali. Zinanikaa.

Mdogo wako

9 Agosti

Kitinda,

Nimekusikia. Sasa nisikie na mimi lile nililolichana mara mbili.

Jiko la shule limepewa watu wengine, wanaoleta chakula kwa magari kikiwa kimeshapikwa. Niliambiwa tangu Mei, wiki ileile uliyoniandikia sukari imeshuka, na ndiyo maana niliing'ang'ania habari yako njema nikaikumbatia bila kuigeuza upande wa pili. Nilikuwa na njaa ya habari njema. Wasaidizi wangu wameshapata kazi kwingine. Masufuria yamechukuliwa jana, yakapita mlangoni yakigongana, hayakubaki hata ya kuchemshia chai. Chumba nakirudisha wiki hii. Mkuu wa shule alinishukuru mbele ya walimu watatu, mmoja alikuwa anasahihisha madaftari.

Sikukwambia kwa kuwa niliona utafikiri najileta. Nilitaka uniite. Na wewe, nimeona, ulikuwa unangoja niulize kama unahitaji mtu. Tumeandikiana barua zote hizi kuhusu mayai.

Siji kukuuguza, wewe si mgonjwa. Na sijui kama tutawezana. Mimi nasema kutwa na wewe husikii, labda ndiyo salama yetu. Naamka mapema mno, nina kelele jikoni, na nimezoea kuamrisha. Nyumba hiyo aliipanga marehemu wifi yangu, sitahamisha kitu chake bila kukuuliza. Ila ukichelewa kurudi kutoka huko ghalani nitashangaa. Nitatoka nje na kanga moja nitawauliza watu wamekuona wapi, mpaka utaona aibu. Jambo hilo tu ndilo ninaloweza kukuahidi.

Basi linaondoka Alhamisi asubuhi. Barua hii usiijibu, jibu halitanikuta.

Dada yako